Namna ya kufuatilia mlipuko wa mionzi ya gama kutoka galaksi ya mbali

Mionzi ya gama haifiki ardhini. Fotoni moja, yaani chembe moja ya mionzi hiyo, ikigonga angahewa huzaa mvua ya chembe, na chembe hizo hutoa mweko wa samawati, nuru ya Cherenkov, unaodumu nanosekunde chache tu. Huo mweko ndio unaonaswa na darubini za H.E.S.S. kule Namibia. Nitatumia mfano wa PKS 2155-304, galaksi ambayo mionzi yake ya gama ililipuka usiku wa kuamkia 28 Julai 2006.

Hatua ya 1. Chagua galaksi kabla jua halijazama. Pitia vipimo vya setilaiti ya Fermi, inayokagua anga zima kila baada ya saa tatu hivi. Ile ambayo mwanga wake wa gama umeanza kupanda ipewe kipaumbele.

Hatua ya 2. Subiri mwezi utue. Usiilenge galaksi katikati. Lenga nusu digrii pembeni, na kipindi kinachofuata uhamie upande wa pili. Hivyo kamera hupima galaksi na anga tupu kwa wakati mmoja.

Hatua ya 3. Chuja. Picha nyingi ni za protoni za mionzi ya kosmiki, yaani chembe zinazotoka anga za mbali: pana, zenye madoa yaliyotawanyika. Ya gama ni duaradufu nyembamba. Refusha mhimili wake kutoka kila kamera. Mistari inapokatana ndipo fotoni ilipotokea.

Hatua ya 4. Hapa ndipo penye kazi. Kipindi cha H.E.S.S. ni dakika 28, lakini usitoe wastani wa kipindi kizima. Kigawe dakika moja moja. Usiku ule wa 2006 mwanga uliongezeka maradufu ndani ya sekunde 200 hivi, ilhali nuru huhitaji saa kadhaa kuvuka shimo jeusi la katikati ya galaksi hiyo, lenye uzito wa majua bilioni moja. Wastani ungeficha jambo hilo, nalo ndilo linalotuambia jinsi jeti, mkondo wa chembe unaotoka karibu na shimo hilo, inavyotujia kwa kasi ya ajabu.

Kabla hujaamini, angalia idadi ya protoni. Ikipanda na kushuka pamoja na gama, ni wingu au kifaa. Ikitulia huku gama ikipanda, ni galaksi yenyewe.

Hatua ya 5. Toa taarifa usiku uleule. Galaksi hiyo ilipolipuka tena usiku wa kuamkia 30 Julai, darubini ya angani ya Chandra nayo ilikuwa ikiitazama kwa eksirei.

Data za mlipuko wa 2006 ziko wazi kwa umma. Zifungue kwa programu huria ya Gammapy, uanzie hatua ya 4.