Kadi ya Wi-Fi imetoweka baada ya kusasisha Ubuntu: fanya hivi kabla ya kununua nyingine

Jana Wi-Fi ilikuwa inashika vizuri. Leo umewasha laptopu, hata alama ya mtandao haipo. Mtaani utaambiwa kadi imeungua. Usikubali haraka. Laptopu nyingi za mitumba zina kadi za Broadcom, na hizo huzimika keneli (kiini cha mfumo wa kompyuta) mpya inapoingia bila draiva yake, yaani programu inayoiendesha kadi. Hapa natumia kadi ya BCM43142 kama mfano.

1. Je, kompyuta inaiona kadi? Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika:

`lspci -nnk | grep -iA3 net`

Tafuta mstari wenye Broadcom na namba `14e4:4365`. Ukiuona, kadi ni nzima kiasi cha kujitambulisha. Sasa angalia chini yake: kama hakuna `Kernel driver in use: wl` (`wl` ni jina la draiva ya kadi hii), tatizo ni draiva. Kama kadi yenyewe haionekani kabisa, zima mashine, chomoa chaja na betri, kisha fungua uikandamize vizuri kwenye soketi yake. Hatua zinazofuata hazitakusaidia mpaka ionekane.

2. Haijafungwa? `rfkill list`. Ukikuta `Soft blocked: yes`, andika `sudo rfkill unblock wifi`. Ikiwa ni `Hard blocked`, tafuta swichi ya pembeni au kitufe chenye alama ya antena.

3. Ijaribu kwa keneli ya zamani. Huu ndio ushahidi ninaouamini kuliko wote. Washa upya, bonyeza Esc au Shift mpaka menyu ya GRUB (ya kuchagua keneli wakati wa kuwasha) itokee, ingia `Advanced options for Ubuntu`, chagua keneli iliyotangulia. Wi-Fi ikirudi, hela yako ya kadi mpya iache mfukoni. Kisha rudi kwenye keneli mpya, maana huko ndiko kwenye kazi.

4. Sikiliza mfumo unalalamika nini unapojaribu kuiwasha draiva. `sudo modprobe wl`

Jibu likiwa `Module wl not found`, draiva haikujengwa kwa keneli hii. Likiwa `Key was rejected by service`, imejengwa ila Secure Boot (ulinzi unaozuia programu zisizo na sahihi inayotambulika) imeikataa. Ruka hadi hatua ya 6.

5. Jenga draiva upya. Utahitaji intaneti. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kusambaza mtandao kwa USB. Ubuntu itaichukulia kama mtandao wa waya. Simu ya Android ikiwa kwenye Wi-Fi ya jirani, nayo itapita humohumo bila kugusa bando lako. Usifanye `upgrade` ya mfumo mzima sasa hivi, bando litakwisha kabla ya draiva.

`sudo apt update`
`sudo apt install linux-headers-$(uname -r)`
`sudo apt install --reinstall bcmwl-kernel-source`
`sudo modprobe wl`

Mstari wa pili ndio unaosahaulika: bila hizo headers (faili za keneli za kujengea draiva), DKMS, programu inayojenga draiva upya kwa kila keneli, haina cha kujengea. Ndiyo maana pia nimekurudisha kwenye keneli mpya, kwa sababu `uname -r` hutaja keneli inayoendesha mashine wakati huo. Ukitumia Debian, kifurushi kinaitwa `broadcom-sta-dkms`.

Ujenzi ukigoma, soma `make.log` ndani ya `/var/lib/dkms/bcmwl`. Toleo la Broadcom lenyewe, 6.30.223.271, ni la 2015, na wanaolitia viraka ni wa Ubuntu na Debian. Keneli ikiwatangulia, baki na ile ya zamani mpaka kiraka kitoke.

6. Secure Boot. Ili iukubali ufunguo (MOK) uliotia sahihi draiva, andika:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Weka nywila fupi, washa upya. Kitatokea kioo cha bluu. Wengi hubonyeza `Continue boot` kwa haraka na kila kitu kinapotea. Wewe chagua `Enroll MOK`, andika nywila ileile, endelea. Mashine ikiwaka, `ip link` itaonyesha jina linaloanza na `wl`, na orodha ya Wi-Fi za majirani itajaa tena.