Somo: Kupuliza kioo hadi uupate mkono wako

Habari wadau. Wengi wetu hapa Arusha tumefika karakana ya Shanga, kule kwenye mashamba ya kahawa ya Burka, tukaona mafundi wenye ulemavu wakigeuza chupa tupu kuwa bilauri. Mimi nilianzia kwa kutazama tu, na ndiyo hatua ya kwanza: tazama mikono. Bomba la kupulizia halitulii. Kioo kikitoka tanuruni, nyuzijoto 1,100 hivi, ni kama asali. Ukiacha kuzungusha kinalalia upande.

Hatua ya 2: chambua chupa. Usichanganye aina, maana kila kioo husinyaa kivyake kikipoa. Bilauri yangu ya kwanza nilichanganya kijani na nyeupe. Ililala nzima mezani, alfajiri nikasikia "ta!"

Hatua ya 3: puliza kidogo, kisha ziba bomba kwa kidole gumba. Hewa iliyonaswa inapata joto, inatanuka, puto linaanza lenyewe. Lisawazishe kwa gazeti lililoloweshwa, ulilokunja kiganjani. Unasikia linachemka, moshi unanukia karatasi, na umbo unalihisi mkononi kabisa. Kioo cha chupa hukaza haraka, kirudishe motoni mara kwa mara.

Hatua ya 4: oveni ya kupozea, nyuzijoto 500 hivi, ishushwe polepole usiku kucha.

Hatua ya 5 ndiyo ndefu. Miezi mingi niliiga kazi za Murano, kisiwa ambako Venice ilihamishia matanuru yake mwaka 1291. Zilipendeza, lakini hazikuwa zangu. Siku moja kule Marangu nikashika kata ya babu, kile kibuyu cha kunywea mbege, pombe ya ndizi: mpini mrefu, tumbo lililopinda kidogo. Tangu hapo nachora kata, napuliza kata. Ule ukijani wa chupa nilikuwa nauonea haya. Sasa nautafuta, ni jani la mgomba lililopenywa na jua.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, naweza kuanza na jiko la mkaa nyumbani?*
Hapana, mdogo wangu. Utaungua. Omba kukaa na fundi mwenye tanuru. Nyumbani chora, finyanga udongo.

*Kaka, watalii wanataka twiga tu. Nifanyeje?*
Watengenezee, dada, watoto wapate kula. Ila kila siku kipande cha mwisho kiwe chako.

*Hiyo kata inasimamaje mezani?*
Haisimami. Unaishika hadi uimalize, au unailaza juu ya ngata ya majani makavu ya mgomba.