Kijana anasoma nyumbani, sasa nani aamue nini? Tunavyofanya sisi huku Kisauni, Mombasa

Wacha nianze na tokeni za stima manake hapo ndo mambo yalipogeuka kwetu. Kifungua mimba wangu alikuwa na miaka 14, ndo kwanza tumemtoa shule anasoma nyumbani, na mimi nilikuwa kila kitu: mwalimu, mudir, mpishi na askari. Amka. Fungua kitabu. Zima feni. Yeye kazi yake kununa tu. Siku moja video ya hesabu ikakatika katikati, kumbe tokeni zimeisha, mtoto akanitazama kama mimi ndo kampuni ya stima. Nikampa simu, nikamwambia kuanzia leo tokeni za nyumba hii ni juu yako, pesa ya mwezi mzima hii hapa, zikiisha kabla ya tarehe sote twalala kiza.

Wiki ya kwanza alinunua za mia mia kama mtu anayenunua mabuyu. Wiki ya tatu ana daftari, asoma mita asubuhi na usiku, amejua kuwa pasi ikipigwa saa nzima ya kunyoosha kanzu za Ijumaa yaweza kula umeme wa friji ya kutwa, na amejua bei imepangwa kwa ngazi, chini ya yuniti 30, kisha mpaka 100, kisha juu ya 100, kila ngazi na bei yake. Asilimia niliyompigia kelele mwezi mzima aliielewa kwa siku nne, na siku ya tano akaanza kumpigia babake kelele kuhusu pasi.

Kwa hivyo nikiulizwa nianzie wapi kusomesha kijana nyumbani, mi sianzi na vitabu. Vitabu viko, Khan Academy ni bure, mkilipia intaneti mshaingia. Naanzia kwa kugawa maamuzi. Mtoto wa miaka saba utamwambia kaa hapa andika, ataandika. Wa miaka 14, 15, mko naye ndani kutwa, hakuna kengele, hakuna mwalimu wa zamu wa kumlaumu, ukiamua kila kitu wewe basi kila kitu kitakuwa vita na vita vyote utapigana wewe.

Tulivyofanya: Alhamisi usiku baada ya isha tukatandika mkeka, simu zote juu ya kabati (ya baba watoto pia, na hapo palikuwa na maneno), tukachora karatasi sehemu tatu. Ya kwanza mambo ambayo kijana aamua peke yake na hakuna wa kumuuliza. Ya pili twaamua pamoja. Ya tatu ni ya mama na baba, waweza kusema maoni yako lakini neno la mwisho si lako. Msiandike vitu vikubwa vikubwa kama "nidhamu" ama "masomo", andikeni vitu vyenyewe: saa ya kuamka, somo gani litangulie, nywele, mpangilio wa chumba, bando ya wiki, wageni, kwenda pwani, kulala kwa mashangazi, mtihani gani afanye, pesa za Idi.

Kazi ngumu hapo ni ya mzazi si ya mtoto. Sehemu ya kwanza lazima iwe na vitu vya kweli. Ukimwachia rangi ya daftari tu ataona ni mchezo na ana haki. Na ukimpa jambo, mpe na hasara yake. Mimi hili lilinishinda mara mbili tatu, nampa aamue halafu akikosea nakimbilia kuokoa, bas hapo sijampa kitu, nimemkopesha. Tulikubaliana hivi: jambo likishaandikwa lake halirudi kwa mzazi ila kuna hatari ya mwili, ama pesa ya kodi imeguswa.

Ratiba aliandika mwenyewe, kuamka saa nne asubuhi. Nilimeza mate nikanyamaza. Ilikuwa Februari, na mnajua kaskazi ya Februari ilivyo, ikifika saa sita mabati yachemka na feni yasukuma joto tu kutoka kona hii hadi ile, na hesabu zake zote aliziweka saa sita. Wiki mbili zilimtosha. Alihamisha mwenyewe, hesabu na sayansi baada ya alfajiri mpaka kama saa nne, mchana kusoma kwa kulala chini sakafuni, alasiri chuoni kwa ustadhi, jioni mpira. Ramadhani twaivunja ratiba yote twaandika nyingine, na hapo msibishane na maumbile jamani, masomo mazito asubuhi mapema, mchana wa saumu ni wa kurudia na kusikiliza.

Kura tulijaribu. Usijaribu. Sisi wazazi wawili watoto watatu, tulishindwa tatu kwa mbili tukala chipsi siku nne mfululizo. Sasa kanuni ni kuwa anayelipa na anayeguswa na jambo lazima wote wawili wakubali, wakishindwana twalifanyia majaribio wiki mbili tarehe ikaandikwa ukutani, halafu mkekani tena. Mengi yaisha yenyewe kabla ya hiyo tarehe.

Chakula ni cha wa kati, msichana, miaka 13. Kila Jumamosi nampa pesa ya mboga na vitoweo vya wiki, yeye apanga tutakula nini, mimi naenda naye soko la Kongowea kama mbeba kapu tu. Mara ya kwanza aliona nyanya rahisi akanunua nyingi mno, Jumatano zimeoza nusu, Alhamisi pesa imebaki ya mbaazi peke yake. Tukala mbaazi za nazi siku tatu, na babake nilimkanyaga mguu chini ya meza asiseme neno. Wiki iliyofuata alikuja na swali ambalo mi sijawahi kujiuliza miaka yote hii: fungu la kwa mama mboga wa mtaani na debe la Kongowea, ukitoa nauli ya kwenda na kurudi na ukitoa vinavyooza, lipi rahisi? Alipima kwa mizani ya jikoni, akaandika safu zake, akapata kuwa vitunguu na viazi inafaa kwenda Kongowea mara moja kwa mwezi lakini nyanya na mchicha ni heri za mtaani kila siku mbili. Hiyo ni biashara, ni hesabu, na ni sayansi ya kuoza kwa vyakula, tena kwa pesa ambazo ningetumia hata hivyo. Ila tahadhari, ukimwachia menyu mwachie kweli, usimnong'oneze "lakini babako hapendi".

Pwani ilikuwa ndo ugomvi wetu mkubwa. Mvulana ataka kwenda Pirates na wenzake bila mtu mzima, mimi sitaki, kila wikendi ni machozi. Tukaliweka sehemu ya pili, kwa sharti kuwa anayetaka kwenda alete hoja kwa maandishi: maji yajaa saa ngapi, yatoka saa ngapi, ni bamvua (maji makubwa) ama maji mafu (madogo), nani anakwenda naye anajua kuogelea. Akaanza kukisia, akakosea, akaenda kuuliza wavuvi, akajifunza kuwa maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana, na kuwa mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndo bamvua, tofauti ya juu na chini hapa kwetu yapita mita tatu. Sasa ana jedwali lake la mwezi mzima ukutani, na kuna Jumamosi alikuja mwenyewe kuniambia leo hatuendi mama, maji yatakuwa yanajaa kwa nguvu saa tutakazokuwa ndani. Miezi sita nyuma huyu angenilazimisha.

Sasa mtihani, na hapa sitafupisha kwa sababu ukikosea hapa walia baadaye. Huu sisi tuliuweka sehemu ya pili, lakini kabla ya kumuuliza kijana ataka nini mpe habari kamili, usimpe hisia zako. Njia za kawaida ni mbili. Kuna ya serikali, na hapo mjue mambo yanabadilika: KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, ya mwisho ilifanywa 2023, KCSE (ya kidato cha nne) ya mtaala wa zamani wa 8-4-4 ya mwisho ni 2027, na wa mtaala mpya wanaingia Gredi 10 kuanzia 2026 kwa njia tatu, sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo, kwa hivyo mtoto wa gredi 7 na kaka yake aliyebaki 8-4-4 hawako kwenye reli moja. Ya pili ni mitihani ya Uingereza, IGCSE, iwe ya bodi ya Cambridge ama ya Pearson Edexcel, ambayo kijana aweza kufanya kama mtahiniwa wa kibinafsi kwenye kituo kilichoidhinishwa bila kuwa mwanafunzi wa hapo. Ada hulipwa kwa kila somo, kwa hivyo msichukue masomo tisa kwa sababu jirani kachukua tisa.

Swali linalotisha wazazi ni maabara. Kwa ngazi ya IGCSE, Cambridge wana karatasi ya kuandika inayochukua nafasi ya vitendo, na Edexcel maswali ya vitendo yamo ndani ya karatasi za kawaida, so bila maabara inawezekana. Ukifika A Level, ngazi inayofuata, sayansi za Cambridge kuna mtihani wa vitendo wenyewe, hapo lazima utafute kituo chenye maabara, na kijana anayetaka udaktari ajue hilo akiwa na miaka 14, sio 17. Na kabla ya kulipa chochote piga simu chuo kikuu mnachokifikiria uulize watahesabu vipi cheti chake. Sisi tulichelewa, kituo kimoja tulipiga simu wakatuambia usajili wa Mei na Juni umefungwa, kijana akangoja ule wa Oktoba na Novemba. Alinuna wiki nzima, na haki yake, kufuatilia tarehe ilikuwa kazi yangu sio yake. Siku hizi tarehe za usajili aziweka yeye kwenye simu yake na mimi kwenye yangu.

Sheria pia msiikimbie. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto yuko shule na anahudhuria, kwa hivyo usijifiche wala usijigambe. Weka faili: kazi zake zenye tarehe, majaribio, vitabu alivyomaliza, risiti za mitihani, na picha za miradi. Akija mtu wa chifu, ama shangazi mwenye mdomo, watoa faili unaweka mezani. Faili hilo kwetu alitunza kijana mwenyewe, na kwa kweli limesaidia zaidi kwa mashangazi.

Bibi yao sasa. Bibi alikuwa aniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huyu mtoto amefukuzwa?" Kumuelezea mtaala haikusaidia kitu, nilijaribu. Kilichosaidia ni kumpa kazi, Jumanne watoto washinda kwake Mji wa Kale, awafunza kupika mahamri na kusema Kimvita cha sawasawa, wao wamwandikia dawa zake na saa za kunywa na wampeleka kliniki. Wageni wa Nairobi wakija, kijana ndo apanga safari, nauli za matatu na tuktuk, wapi pa kula viazi karai, na Fort Jesus yeye ndo aeleza, kuwa Wareno walianza kuijenga 1593 na Waomani wakaichukua 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Bibi akisikia mjukuu aongea hivyo mbele ya wageni, basi, maneno yamekwisha.

Marafiki watajileta kama hujamfungia. Chuo, uwanja, maktaba ya umma, binamu. Anayekosa watu ni mzazi, mtafute mwenzako wa kulalamika naye.

Bando: sehemu ya pili, kiwango kimoja cha wiki kwa wote watatu, wagawane wao, ikiisha imeisha. Sina la kuongeza hapo, bado twagombana.

Kama wataka kuanza wiki hii usianze na karatasi ya sehemu tatu. Chagua kitu kimoja ambacho hasara yake yaonekana kwa siku, sio kwa miezi, tokeni, maji, ama mboga, umpe mmoja wao pamoja na pesa yake yote, halafu ukae na mikono nyuma. Alhamisi iliyopita kitinda mimba wangu, miaka 11, aliomba maji yawe yake, manake mfereji wetu watoa siku ikitaka. Tukampa. Ijumaa asubuhi nikamsikia nje abishana bei na mzee wa mkokoteni, amwambia akichukua mitungi kumi kwa mpigo apunguziwe, na ile mitungi ya njano miwili yavuja kwa hivyo hailipii. Mzee akacheka, akapunguza. Jumapili maji yakaisha.