Jinsi ya kulinganisha wiski changa za moshi zilizolala kwenye mapipa ya sheri

Nimezaliwa Tanga, na kazi yangu ni kumimina wiski nyuma ya kaunta ya baa moja mjini Glasgow. Waswahili wenzangu wanaopita hapa huniuliza swali lilelile: kati ya hizi mbili za moshi, ipi nzuri? Kabla sijajibu, mtu ameshanyanyua bilauri mbili kwenye mwanga. Moja nyeusi kama chai ya rangi, nyingine hafifu kama chai ya mchaichai. Ile nyeusi, anasema, ndiyo yenye umri. Mara nyingi ndiyo changa kuliko mwenzake.

Wiski changa ya moshi iliyolala kwenye pipa la sheri, ile divai kali ya Hispania, ina sauti tatu zinazopigana vikumbo. Kuna moshi, ambao huwa mkali wiski ikiwa bado mbichi na hutulia kadiri miaka inavyokwenda. Kuna pipa, ambalo hutoa rangi na utamu upesi sana. Na kuna kileo chenyewe, ambacho bado kinanuka kimea. Kulinganisha ni kuzisikiliza sauti hizi moja baada ya nyingine, kisha kujiuliza swali ninalolijali kuliko yote: sheri imekuja kuzungumza na moshi, au imekuja kuuficha uchanga?

Hatua ya 1: Chagua chupa zenye udugu

Chukua zote kutoka Islay (hutamkwa Aila), kisiwa cha magharibi mwa Uskoti. Huko hukata piti, yaani udongo wa mboji wa kwenye vinamasi, wakaukausha na kuuchoma ili moshi wake upite kwenye shayiri iliyooteshwa. Ukichanganya na chupa ya Orkney, visiwa vya kaskazini mwa Uskoti, kwa mfano Highland Park, unaleta piti ya namna nyingine, ya vichaka vya maua ya zambarau, na moshi wake ni laini zaidi. Hutajua tena tofauti unayoinusa imetoka kwenye udongo au kwenye pipa.

Mimi hutumia hizi nne:

Kilchoman Machir Bay, asilimia 46. Sehemu kubwa imelala kwenye mapipa yaliyokuwa na bourbon, wiski ya mahindi ya Marekani, na kidogo tu kwenye sheri. Hii ndiyo kigezo chetu.

Ardbeg Wee Beastie, miaka 5, asilimia 47.4. Mchanganyiko wa mapipa ya bourbon na ya oloroso, sheri nyeusi isiyo tamu.

Laphroaig 10 Sherry Oak Finish, asilimia 48. Imekua kama kawaida, kisha ikahamishiwa kwenye mapipa ya oloroso kwa kipindi cha mwisho. Miaka 10 inaifanya kaka mkubwa wa kundi, lakini tunaihitaji ili tuone pipa la kumalizia linafanya nini.

Kilchoman Loch Gorm, asilimia 46. Hii imelala kwenye mapipa ya oloroso tangu mwanzo hadi mwisho, na hutoka mara moja kwa mwaka.

Kama mfuko unaruhusu mbili tu, nunua Machir Bay na Loch Gorm. Kileo ni kilekile, kutoka kiwanda kilekile, na kilichobadilika ni pipa. Loch Gorm ikikosekana, Sanaig ya hao hao itakufaa, kwa kuwa ina sheri nyingi kuliko Machir Bay. Nawapenda Kilchoman kwa sababu walianza mwaka 2005 shambani, bila akiba ya mapipa ya zamani ya kuchanganyia. Iliwabidi watengeneze kileo kinachonyweka kikiwa kichanga, na ujuzi huo unauonja.

Hatua ya 2: Soma lebo kwa makini

Sheria ya Uskoti inataka wiski ilale kwenye mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700 kwa miaka isiyopungua 3, humo humo nchini, na iwekwe chupani ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Umri ukiandikwa, ni wa tone changa kuliko yote lililomo. Chupa isiyo na umri huenda ina mapipa ya zamani na ya juzi kwa pamoja.

Rangi ipuuze. Sheria inaruhusu kuongeza rangi ya sukari iliyounguzwa. Ukiona lebo imesema rangi ni ya asili, vizuri, lakini hata rangi ya asili haikuambii umri. Pipa jipya la sheri linaweza kumvika mtoto wa miaka 5 kanzu ya mzee.

Kuhusu sheri yenyewe: ni divai iliyoongezwa nguvu, inayotoka Jerez na miji jirani kusini mwa Hispania. Zamani ilisafirishwa kwenda Uingereza ikiwa kwenye mapipa, na Waskoti wakayachukua mapipa matupu. Siku hizi sheri husafiri kwenye chupa, kwa hiyo mapipa mengi huagizwa maalumu: hujazwa sheri kwa mwaka mmoja au zaidi ili mbao zinywe, kisha humwagwa na kupelekwa Uskoti. Ndiyo maana pipa la leo linatoa mbao nyingi pamoja na sheri. Mwaloni wa Ulaya huleta viungo na ukakasi, ule wa Marekani huleta vanila na nazi, na yote mawili hutumika kwa sheri.

Halafu kuna namba ya fenoli, yaani viini vinavyoleta harufu ya moshi, sehemu kwa milioni, ambayo mashabiki huitaja kama mabao ya mpira. Namba hiyo hupimwa kwenye shayiri kabla haijasagwa. Sehemu kubwa hupotea kwenye kuchachusha na kukeneka, na kinachobaki kinategemea fundi amekata wapi mkondo wa kileo, yaani sehemu ipi ya kileo kinachotiririka ameiweka, na umbo la mitungi yake ya shaba. Mtungi wa pili wa Ardbeg una kifaa kinachorudisha mvuke mzito chini ukapikwa tena. Shayiri ya Laphroaig ina namba ndogo kuliko ya Ardbeg, lakini wengi ninaowaonjesha huapa kwamba Laphroaig ndiyo yenye moshi zaidi.

Hatua ya 3: Sawazisha nguvu ya kilevi

Watu huiruka hatua hii, nami huilazimisha. Kilevi kikizidi kidogo tu, pua husema "moshi mkali" kumbe ni ukali wa spiriti. Ziteremshe zote hadi asilimia 40.

Hesabu ni nyepesi. Zidisha kiasi cha wiski kwa nguvu yake, gawanya kwa 40, kisha toa kiasi ulichoanza nacho. Kwa mililita 20, Machir Bay na Loch Gorm zinahitaji maji mililita 3. Wee Beastie inahitaji 3.7. Laphroaig inahitaji 4 kamili. Siku ukimkaribisha mgeni kama Ardbeg Uigeadail, yenye asilimia 54.2, itahitaji 7.1. Pimia kwa bomba la sindano la duka la dawa, lisilo na sindano. Tumia maji ya chupa yasiyo na chumvichumvi nyingi. Maji ya bomba yenye klorini yataharibu kazi yote, maana klorini na fenoli zikikutana hutoa harufu ya dawa ambayo utamsingizia Laphroaig.

Bakiza matone ya kila chupa bila maji, ya kuonja mwishoni.

Hatua ya 4: Ficha

Bilauri ziwe za aina moja, zenye tumbo pana na mdomo uliobanwa. Zizungushie karatasi ya foili hadi shingoni ili rangi isionekane, mtu mwingine amimine na kuandika namba chini. Machir Bay peke yake uijue, iwekwe kushoto. Funika kwa visahani, subiri dakika 10. Uwe umekula, na uwe na kikombe cha kutemea.

Hatua ya 5: Nusa mara tatu, kila mara ukitafuta kitu kimoja

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo pua iliyokulia pwani ina mtaji mkubwa. Vitabu vya huku husema "moshi wa nyama ya kukaushwa" na "keki ya Krismasi". Achana navyo, andika unachokijua.

Mzunguko wa kwanza tafuta moshi tu, na useme ni moshi wa nini. Makaa yaliyozimwa kwa maji? Jivu kavu la jikoni? Lami inayoyeyuka barabarani? Papa mkavu na ng'onda sokoni? Au Dettol na aidini, kama chumba cha kufungia vidonda? Mimi kwa Kilchoman hupata jivu safi na ndimu, kwa Ardbeg lami na pilipili manga, kwa Laphroaig dawa ya kidonda.

Mzunguko wa pili tafuta uchanga. Harufu yake ni uji wa nafaka, kimea kibichi, peasi ambalo halijaiva. Uchanga si kosa. Kwenye Machir Bay huo uji unakaa vizuri na moshi, kama mkate wa kumimina uliobabuka chini. Kosa ni pale unapounusa uji chini ya zabibu na viwili hivyo havisalimiani.

Mzunguko wa tatu tafuta pipa. Oloroso huleta jozi, tende, zabibu kavu, ganda la chungwa lililokauka, ngozi ya kiatu kipya. Ukinusa sharubati nzito ya zabibu karibu na halwa, pengine ni pipa la Pedro Ximénez, sheri tamu sana. Ukinusa karafuu, tulia. Kinachoifanya karafuu ya Pemba inukie vile ni kiini kiitwacho eujenoli, na kiini hichohicho kimo kwenye mbao za mwaloni na kwenye moshi wa piti. Rudi kwenye Machir Bay. Kama karafuu ipo na huko, huenda ni moshi. Kama haipo, ni pipa.

Baada ya kila bilauri nusa mkono wako mwenyewe, ndipo uende nyingine. Fenoli huchosha pua upesi. Ukihisi zote nne zimeanza kufanana, ondoka chumbani kwa robo saa.

Sasa jambo lililonitia aibu. Miaka yangu ya mwanzo niliisifia mbele ya wateja chupa moja ya sheri, kwamba ina moshi mzito kuliko zote mezani. Kesho yake niliinusa peke yangu na nikajua nilichokisifia: kibiriti. Kiswahili kimetutendea haki, maana neno hilo ni la njiti na ni la salfa pia. Mapipa ya divai hufukizwa salfa yasioze, na mabaki yake huleta harufu ya njiti iliyozimwa, yai la kuchemsha, mpira uliochomwa. Ndani ya wiski ya moshi hujificha vizuri mno.

Kuitambua, washa njiti, izime, inuse, kisha nusa bilauri unayoishuku. Ukibaki na shaka, mimina kijiko kimoja pembeni, utumbukize kipande cha waya safi wa shaba kwa dakika chache. Shaba hunasa sehemu ya salfa, kazi ileile inayofanywa na mitungi ya kukenekea. Kama "moshi" umepungua, haukuwa moshi. Kijiko hicho ukimwage, usikinywe.

Hatua ya 6: Onja kutoka sheri ndogo kwenda kubwa, kisha rudi

Mliofichiwa hamjui mpangilio, kwa hiyo aliyemimina awapangie kwa namba. Funda dogo, lizungushe, hesabu hadi kumi. Andika nini kilifika kwanza: utamu, moshi au pilipili. Tema au meza, kisha subiri.

Kilichobaki baada ya utamu kuondoka ndicho kinachotoa hukumu. Ulimi ukikauka kama umekula bibo, hiyo ni tanini ya mwaloni, na pipa limezidi nguvu. Wee Beastie kwangu hubaki na pilipili na lami, sheri ikiwa imepita kama mgeni wa kikombe kimoja cha kahawa. Laphroaig huvaa sheri juu kama koti, na ukilivua unamkuta Laphroaig yuleyule. Loch Gorm kwenye matoleo mazuri huwa kitu kimoja: huwezi kuonyesha mpaka wa tende na jivu. Lakini kila toleo lina mapipa yake, kwa hiyo andika mwaka. Nimekutana na toleo ambalo ukakasi ulikuja mapema mno, nikalipa alama chini ya Machir Bay.

Rudia na yale matone yasiyotiwa maji. Wiski iliyopanda daraja ghafla kwa kilevi hicho cha ziada ilikuwa inakubembeleza kwa ukali.

Hatua ya 7: Acha bilauri tupu hadi asubuhi

Usizioshe. Kilevi kitaruka usiku, na kitakachobaki kwenye kioo ni mafuta ya moshi na kile pipa lilichotoa. Nusa kabla hujanywa chai. Bilauri ya kigezo hunipa jivu baridi na mkate. Ya sheri iliyoshikamana na moshi hunipa chetezo cha jana, pale udi umekwisha na chumba bado kinanukia. Ile iliyokuwa inaficha uchanga hurudi na uji mchachu peke yake. Andika alama zako za mwisho hapo, ndipo uondoe foili na kusoma namba chini ya bilauri.