Mtoto bado anakojoa kitandani? Anzia mchana

Utaratibu huu ndio ninaowapa wazazi kliniki hapa Dodoma. Wengi hufika wakiwa wameshahangaika na usiku tu: wamemnyima mtoto maji tangu saa kumi, wamemwamsha kila mara, wamemtisha kwa kumfunga chura kiunoni. Sehemu kubwa ya kazi iko mchana, na huko ndiko wachache hugusa.

Hatua ya 1: Jua kama ni wakati wake

Akiwa chini ya miaka 5, subiri. Katika watoto 100 wa miaka 5, karibu 15 bado wanalowesha kitanda, na kila mwaka wengine huacha wenyewe. Homoni inayopunguza mkojo usiku haijawatosha, kibofu bado kidogo, na wanalala fofofo kiasi kwamba kibofu kikijaa hawashtuki. Halafu muulize bibi yake. Mzazi mmoja akiwa alikuwa kikojozi, uwezekano wa mtoto ni karibu 4 kati ya 10. Wakiwa wote wawili, unazidi 7. Bibi akianza kusimulia, baba aliyekuja na ukali huwa anatazama dari.

Hatua ya 2: Ondoa ugonjwa

Mpeleke apimwe kabla ya kufuata hatua nyingine ikiwa alikuwa mkavu miezi 6 au zaidi kisha ameanza tena, anaumia akikojoa, ana homa, anajikojolea hata mchana, anakoroma sana, au ameanza kutembea vibaya. Damu kwenye mkojo nayo, hasa kwa mtoto anayeoga mabwawani, inaweza kuwa kichocho. Akinywa maji kupita kiasi, akikojoa mno na kukonda, usingoje kesho: kisukari cha utotoni huanza hivyo.

Hatua ya 3: Panga maji upya

Mkoa wetu ni mkavu. Mtoto anaenda shule bila chupa, anashinda na kiu, akirudi jioni anafidia: maji vikombe viwili, uji, chai. Mkojo wote huo unashuka akiwa usingizini. Kumnyima maji siku nzima hakusaidii pia, kwa sababu kibofu kisichojazwa mchana hakizoei kubeba mzigo, na choo kinakuwa kigumu.

Mpe kikombe kimoja anapoamka. Chupa ya nusu lita ya shuleni irudi tupu. Akishakula mchana, vikombe viwili kabla ya saa kumi na moja jioni. Mtoto wa miaka 4 hadi 8 anahitaji kama lita 1 hadi 1.4 kwa siku. Joto la Oktoba na Novemba likipamba moto, ongeza. Chakula cha usiku kiwe mapema, na baada yake ni mafunda machache tu. Uji wa usiku unahesabika kama maji, jambo ambalo wazazi wengi husahau. Chai ya majani na soda aina ya kola zisiguswe jioni.

Hatua ya 4: Lainisha choo

Hapa ndipo ninapouliza maswali mengi kuliko kwingine. Choo kikubwa kikijaa na kukaa, kinakibana kibofu, na mtoto anaweza kwenda haja kila siku huku tumbo bado limejaa. Usimuulize tu kama anapata choo, tazama mwenyewe. Kikitoka kama cha mbuzi, au akikaa siku tatu bila kwenda, tibu hicho kwanza. Mlenda, maharage, papai na embe la msimu husaidia, pamoja na maji ya hatua ya 3. Mpeleke chooni baada ya kifungua kinywa na umwache atulie, maana tumbo huamka baada ya kula. Wiki mbili zikipita bila mabadiliko, mwone daktari akupe dawa ya kulainisha. Kuna watoto wanaokauka usiku baada ya hatua hii peke yake.

Hatua ya 5: Akojoe mchana kwa ratiba

Kila saa 2 hadi 3, bila kusubiri abanwe. Watoto wengi hubana mkojo shuleni kwa sababu choo kinanuka au mlango haufungi. Ongea na mwalimu faraghani.

Hatua ya 6: Andaa kitanda

Tandika nailoni nene inayouzwa kwa mita, ile ya mezani, juu yake shuka. Juu ya shuka hilo weka nailoni ya pili na shuka la pili. Akilowesha saa nane usiku, unavuta safu ya juu na anaendelea kulala. Hakuna kuwasha taa zote wala kusaga meno. Akojoe mara mbili: anapoanza kujiandaa kulala, na tena dakika ya mwisho. Kama choo kiko nje, weka poti chumbani na taa ndogo ya sola. Baridi ya Julai na giza la uani humfanya hata mtoto aliyeshtuka ajikunyate mpaka mkojo umtoke.

Kumwamsha kwa kengele ya simu kunaokoa shuka, lakini hakumfundishi. Ukimwamsha, aamke kweli, atembee kwa miguu yake.

Hatua ya 7: Asubuhi

Aoge kabla ya shule ili wenzake wasimcheke. Akusaidie kutoa shuka kama kazi ya kawaida, wala usimtangaze kwa majirani. Viboko huongeza hofu tu. Msifie kwa analoweza, kama kukojoa kabla ya kulala au kumaliza chupa. Kuamka mkavu hakuko mikononi mwake.

Hatua ya 8: Miezi 3 ikipita

Mwulize daktari kuhusu kengele ya kitandani, inayolia nguo ikipata unyevu. Huchukua miezi 2 au 3 na mzazi ndiye anayeamka kwanza, lakini watoto wengi hupona nayo. Dawa ya desmopressini, inayopunguza mkojo usiku, hufaa kwa muda, kwa mfano akienda kulala kwa bibi Kondoa, na ni kwa maagizo ya daktari. Akiinywa, asinywe maji zaidi ya mafunda machache kuanzia saa moja kabla ya kuimeza hadi yapite masaa 8 baada ya kuimeza, maana yakizidi ni hatari.

Akifikisha usiku 14 mfululizo mkavu, toa safu ya pili ya shuka, ila nailoni ya chini iache kwa muda. Akiugua malaria au akipata mdogo wake anaweza kurudia. Rudi hatua ya 3 na ya 4.