Mbwa Jike Afungwe Kizazi Lini?

Kabla ya kupanga tarehe, jiulize mambo mawili: mbwa wako atakuwa na uzito gani akikomaa, na je, ua wa nyumba yako unafungika kweli?

Mbwa ambaye hatarajiwi kuzidi kilo 20, wakiwamo wengi wa kienyeji, hukomaa upesi, hivyo hufaa kufungwa kizazi, yaani kuondolewa ovari (vifuko vya mayai) kwa upasuaji, akiwa na miezi 5 hadi 6, kabla ya joto la kwanza, yaani kipindi cha kutokwa damu na kutafuta dume, kwa sababu hatua hiyo hupunguza sana uwezekano wa uvimbe wa matiti uzeeni. Kwa mbwa wakubwa mambo ni tofauti. German Shepherd, kwa mfano, mifupa yake huchelewa kukomaa, na homoni za ovari ndizo zinazosaidia kusimamisha urefukaji wake. Akifungwa kabla ya kutimiza mwaka, hatari ya maradhi ya viungo na ya kuvuja mkojo huongezeka. Huyo ni heri angoje.

Hata hivyo, kungoja kunamhitaji mwenye lango imara. Joto huchukua takriban wiki 2 hadi 3, na wengi hulegeza ulinzi damu inapofifia rangi, ilhali hicho ndicho kipindi ambacho jike hukubali dume. Mbali na mimba, madume wanaozurura huweza kumwambukiza saratani ya sehemu za siri inayoenezwa kwa kupandana. Kwa maoni yangu, asiyekuwa na ua wa kuaminika asingoje, hata kama mbwa wake ni mkubwa.

Iwapo joto limeshapita, subiri miezi 2 hadi 3, maana mishipa ya damu ya kizazi huwa bado imetanuka na upasuaji huweza kuleta damu nyingi. Subira hiyo haimhusu mbwa ambaye, wiki chache baada ya joto, anakunywa maji kupita kiasi, anakataa chakula au anatokwa na usaha ukeni: huenda kizazi kimejaa usaha, naye apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Kama mbwa ana kupe, omba damu yake ipimwe kwanza. Homa ya kupe hupunguza chembe zinazogandisha damu, na ikigunduliwa, hutibiwa kabla ya upasuaji kupangiwa siku nyingine.