SOMO: Mafuta ya maziwa na vipimo vya infraredi ya karibu (soma LOTE kabla ya kuuliza)

Wiki hii nimeulizwa mara nne kwa nini mashine inayopima mafuta kwa infraredi ya karibu (mwanga usioonekana kwa macho, jirani na mwekundu) inasoma mafuta asilimia 3.4 asubuhi na 4.1 mchana, chupa ile ile. Naandika mara moja, basi.

Mafuta yanaugusa mwanga kwa njia mbili. Kwanza yanaufyonza penye mawimbi yake: karibu na nanometa 1210, 1725 na 1765, kisha 2310 na 2345. Pili, vitone vyake vinautawanya, tena kwenye kila wimbi. Kaseini, ile protini kuu ya maziwa, nayo inatawanya, ndiyo maana maziwa yaliyoenguliwa malai bado ni meupe. Ukipima mwanga unaopenya, mashine haijui upi umefyonzwa na upi umepotea njia. Kwake yote ni giza tu.

1. Washa mashine, iache ipate joto nusu saa.

2. Chagua kuveti (kichupa cha kioo cha kuwekea sampuli, kipimo chake ni unene wa maziwa ambao mwanga unapita). Juu ya nanometa 1100 tumia ya milimita 1, maana maji yanakula mwanga vibaya sana kwenye 1450 na 1940. Chini ya hapo, milimita 10 inatosha.

3. Andaa sampuli. Hapa ndipo nilipoharibu kazi ya siku tatu. Nilitoa chupa kwenye friji, nikaitikisa kwa nguvu kama dawa ya kikohozi, nikamimina. Malai yalikuwa yameganda shingoni mwa chupa, hayakuchanganyika. Na kwenye kioo cha kuveti palikuwa na viputo vidogo kama vichwa vya pini, ambavyo navyo vinatawanya mwanga. Namba zilikuja nzuri tu, za uongo. Fanya hivi: pasha kwenye maji ya moto hadi maziwa yenyewe yafike nyuzi 40, kisha geuza chupa juu chini taratibu mara kumi hivi. USITIKISE. Ukizidisha nguvu mafuta yanashikana yanakuwa siagi, na sampuli hiyo haitengenezeki tena. Pima papo hapo, zote kwenye joto lile lile, kwa sababu mikanda ya maji (mawimbi ambayo maji yanayafyonza) inahama joto likibadilika.

4. Pima kila sampuli kwenye mashine mara tatu, ukijaza upya kila mara.

5. Pima mafuta ya sampuli zile zile kwa Gerber (njia ya maabara: asidi inayeyusha protini, mafuta yanajitenga), upate namba za kulinganishia. Asidi ya salfuriki ile, vaa miwani.

6. Tengeneza modeli (hesabu inayogeuza vipimo vya mwanga kuwa kiasi cha mafuta, kwa kulinganisha na namba za Gerber), uijaribu kwa maziwa ambayo haijawahi kuyaona.

MASWALI

Chapchap: Mkuu, kwa hiyo tunapasha nyuzi ngapi?

Mtoa somo: Hatua ya 3.

Chapchap: Mimi napima ya baridi na inakubali.

Mtoa somo: Inakubali kitu gani? Weka matokeo ya Gerber hapa tuyaone.

Mdadisi: Samahani mwalimu, taa yangu ya nanometa 850 na sensa viko upande mmoja. Mafuta yakizidi, mwanga unaongezeka. Nimekosea wapi?

Mtoa somo: Hujakosea, swali zuri. Wewe unapima mwanga unaorudi. Vitone vikiwa vingi, mwingi unageuzwa njiani na kurudi kwako. Hapo 850 ufyonzaji ni mdogo sana, kwa hiyo karibu chote unachokiona ni mtawanyiko. Kwa maziwa ya aina moja utapata makadirio mazuri, ila usidhani umeyaona mafuta yenyewe. Umeona vitone.

Kibuyu: Modeli yangu ya maziwa ya pakiti inakosea kwenye mabichi. Somo lako halijasema.

Mtoa somo: Nimesema vitone vinatawanya, au uliruka? Haya. Ya pakiti mara nyingi yamepitishwa kwenye mashine ya mgandamizo, vitone vikapasuliwa. Mabichi vina wastani wa mikrometa 3 hadi 4, hayo ya pakiti vingi viko chini ya 1. Mafuta ni yale yale, mtawanyiko ni mwingine kabisa. Changanya aina zote mbili kwenye modeli, au pasua vitone vya sampuli zote kwa mawimbi ya sauti kabla ya kupima.

Mdadisi: Na hesabu za kuondoa mtawanyiko?

Mtoa somo: Zinasaidia, lakini linganisha modeli ukiwa nazo na bila. Sehemu ya habari ya mafuta imo humo humo kwenye mtawanyiko unaoufuta.

Kibuyu: Poa mkuu. Kuveti yangu ina ukungu hautoki.

Mtoa somo: Uliianzishia maji ya moto, protini ikagandia kioo. Anza na vuguvugu, halafu sabuni.

Mdadisi: Mimi huiloweka kwenye sabuni ya kimeng'enya usiku kucha, inang'aa.

Mtoa somo: Hiyo nami naichukua.